Mbao zisizo za mwaloni (oak) kwenye pombe kali: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa mtu mzima mwenye chupa ya pombe kali nyeupe aliyoinunua dukani, au anayeishi mahali ambapo sheria inamruhusu kupika yake, na anataka kuiongezea rangi na ladha kwa mbao. Kama unatafuta jinsi ya kupika gongo au chang'aa, hapa hutaipata.

Mbao inafanya nini hasa ndani ya pombe?

Inafanya kazi tatu kwa pamoja. Kwanza inatoa vitu vyake. Ndani ya mbao kuna lignini, ambayo ikipata joto inavunjika na kuacha vanilini, ile ile inayofanya vanila inukie. Kuna hemiselulosi, ambayo ni sukari zilizofungamana, na zikiokwa zinageuka kuwa kitu cha jamii ya karameli. Halafu kuna tanini, ule ukakasi unaobana ulimi kama chai iliyokaa sana kwenye birika.

Pili, mbao inanyonya. Tabaka la mkaa kwenye uso uliochomwa linakamata baadhi ya harufu mbaya, hasa zile zenye salfa. Tatu, pipa linapitisha hewa kidogo kidogo, na oksijeni inalainisha ukali. Hii ya tatu huwezi kuipata kikamilifu kwenye chupa ya kioo. Ukisikia mtu anasema kipande cha mbao ndani ya chupa ni sawasawa na pipa la miaka kumi, jua anakuuzia kitu.

Mbona dunia nzima inatumia mwaloni?

Sababu kubwa ni ya ufundi wa mapipa, ladha ilifuata baadaye. Mwaloni mweupe una vijishimo vilivyojizibia vyenyewe ndani ya mishipa yake ya maji, kwa hiyo pipa lake halivuji. Mwaloni mwekundu ni ndugu yake kabisa, lakini mishipa yake iko wazi na pipa lake linavuja. Baadaye sheria zikafuata mazoea: wiski ya Scotland lazima ikae kwenye mapipa ya mwaloni yasiyozidi lita 700 kwa miaka isiyopungua 3, na bourbon, wiski ya Marekani, inataka chombo kipya cha mwaloni kilichochomwa ndani.

Ireland waliacha mlango wazi. Sheria yao inasema mapipa ya mbao, na mwaloni umetajwa kama mfano tu. Ndiyo maana kiwanda cha Midleton kimeweza kutoa wiski zilizomalizia safari yake kwenye mapipa ya chestnut, cheri na hata mforsadi. Wewe mwenye chupa ya kioo jikoni hujali kuvuja, kwa hiyo sababu kubwa ya kung'ang'ania mwaloni kwako haipo.

Ni wapi mbao nyingine zimetumika kwa muda mrefu, siyo majaribio ya juzi?

Brazil ndiyo shule kubwa. Cachaça, pombe yao ya maji ya miwa, inakaa kwenye mapipa ya miti ya kwao. Jequitibá haitoi rangi nyingi wala haiingilii ladha ya muwa. Wanaitumia kuilainisha tu. Bálsamo inatoa rangi ya dhahabu yenye ukijani kidogo na harufu ya viungo, na wilaya ya Salinas katika jimbo la Minas Gerais imejijengea jina kwa mbao hiyo. Amburana ndiyo mwenye kelele zaidi: mdalasini, vanila na kitu kama biskuti za sikukuu. Ukinusa glasi ya cachaça ya amburana unaweza kuapa mtu ametia sukari, kumbe hakuna.

Serbia na majirani zake wanaweka rakija, pombe yao kali ya matunda, ile ya plamu, kwenye mapipa ya mforsadi. Wapishi wa kirsch hupenda mapipa ya mti wa ash kwa sababu hautii rangi, na pombe ya cheri inatakiwa ibaki nyeupe. Sri Lanka nao wana arrack, inayopikwa kwa tembo la mnazi, na kwa desturi huwekwa kwenye mapipa makubwa ya mti wa halmilla. Mtu wa Pwani anapaswa kuijua hiyo: mnazi ni ule ule, ila wenzetu waliufikisha kwenye pipa.

Nina mbao gani za kuanzia hapa Afrika Mashariki?

Jibu langu la kwanza ni mforsadi. Unakua vizuri nyanda za juu, wengi wanao uani kwa ajili ya matunda au kwa ajili ya nondo wa hariri, na una historia ndefu ya kugusana na pombe bila kumdhuru mtu. Tanini zake ni kidogo, kiini chake ni cha manjano, na unatoa rangi haraka. Siku chache tu utaona chupa imeshika rangi ya asali nyepesi. Ladha yake ni tamu, kama tunda lililokaushwa. Ni vigumu kuharibu pombe kwa mforsadi, ndiyo maana nauweka mbele ya mingine kwa anayeanza.

Baada ya hapo ni miti ya matunda ya baridi: tufaha (epo), plamu, peasi. Njombe na Lushoto wanaipogoa kila mwaka na matawi yanaishia jikoni kuwa kuni. Tufaha ni laini na halina makuu. Plamu una rangi nzuri ya wekundu na harufu ya lozi. Kwa jamii ya plamu, pichi na cheri, menya gamba lote na usitumie tawi bichi wala majani, kwa sababu sehemu hizo zina kemikali zinazoweza kutoa sianidi. Tumia kiini kilichokauka, basi.

Mpera watu wanautumia kuchomea nyama. Mpera sijaona sababu ya kuukataza, ila hauna historia kwenye pombe kama mforsadi, kwa hiyo nenda nao taratibu.

Mwaloni wenyewe unaweza kuagizwa mtandaoni kama vipande vya kutengenezea mvinyo. Siyo dhambi kuchanganya: vipande viwili vya mwaloni na kimoja cha mforsadi ni mchanganyiko mzuri kuliko kila kimoja peke yake.

Nimesoma kwamba akasia inafaa. Je, nikate mgunga?

Hapana. Akasia wanayoisema Wafaransa na Waserbia kwenye mapipa ni robinia, mti wenye asili ya Amerika Kaskazini ambao jina lake la kisayansi, *Robinia pseudoacacia*, linakiri lenyewe kuwa ni akasia ya uongo. Mgunga wetu ni mti mwingine kabisa. Baadhi ya migunga ina tanini nyingi kiasi kwamba magamba yake hutumika kulainisha ngozi za wanyama. Fikiria hiyo ikiwa tumboni.

Mninga, mvule, mpingo, mkangazi? Ni mbao nzuri sana.

Kwa kabati, ndiyo. Muulize seremala yeyote aliyerandia mvule au mpingo mwaka mzima bila kuziba pua: atakuonyesha mikono iliyowasha na kukwambia habari za kikohozi. Vumbi la mbao hizo linajulikana kuudhi ngozi na mapafu. Kitu kinachoifanya mbao isiliwe na mchwa kwa miaka hamsini mara nyingi ni kemikali, na alkoholi ni hodari kuliko maji katika kuzitoa kemikali za namna hiyo. Mbao ikisifiwa kuwa haiozi, mimi naipeleka kwenye milango.

Orodha ya kukataa kabisa ni ipi?

Mbao yoyote usiyoijua jina. Hiyo ndiyo ya kwanza, na inakamata nusu ya hatari zote.

Nguzo na mbao zilizotiwa dawa, zile zenye rangi ya kijani kijani: dawa yake mara nyingi ni mchanganyiko wa shaba, kromu na aseniki. Plaiwudi, emdiefu na mbao za gundi. Mbao za paleti, kwa sababu hujui zilibeba nini. Fanicha ya zamani yenye vanishi. Oleanda, ua lile zuri la barabarani, ambalo ni sumu kuanzia mzizi hadi jani. Mkorosho na mwembe, kwa sababu wapo kwenye jamii moja ya miti yenye utomvu unaochoma ngozi. Mwarobaini, ambao hata usingekuwa na kasoro nyingine ungekuachia uchungu usiokwisha. Misonobari na mikaratusi ina utomvu na mafuta. Pombe inakuwa kama dawa ya kusafishia sakafu.

Kuna hoja huwa inaletwa hapa: "Lakini mti huu tunauchomea nyama." Moshi kupita juu ya nyama nusu saa ni jambo moja. Mbao kulowekwa kwenye alkoholi ya asilimia 50 kwa miezi mitatu ni jambo lingine.

Wakalenjin wanatia mkaa wa mti kwenye maziwa. Si mti huo ungefaa?

Mfano mzuri, na unaonyesha kwamba habari ya mbao na kinywaji siyo ya Wazungu. Mursik, ndiyo maziwa hayo, inawekwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa kijiti chenye moto, mara nyingi cha mti wa senetwet, na mkaa ule laini ndio unaoipa rangi ya majivu na harufu yake. Wamasai nao wanafukiza vibuyu vyao kwa mzeituni mwitu. Lakini angalia kinachotumika: ni mkaa, mti umeshaungua. Senetwet mbichi inajulikana kama dawa ya kumfanya mtu aharishe. Usiilowekee kwenye pombe.

Je, mbao au mkaa unasafisha gongo?

Hausafishi kile kinachoua. Methanoli haishikwi na mbao, haishikwi na mkaa wa jikoni, na haiondoki kwa kukaa. Ladha inaweza kulainika vizuri kabisa huku sumu ikiwa pale pale, na hapo ndipo mbao inageuka kuwa hatari: inaficha. Kiasi kidogo kama mililita 10 za methanoli tupu kinaweza kumpofusha mtu.

Novemba 2000 watu zaidi ya 100 walikufa Nairobi kwa kunywa pombe ya bei rahisi yenye methanoli. Vifo vya wengi kwa pamoja namna hiyo kwa kawaida havitoki kwenye uchachu wa ndizi au muwa wenyewe. Vinatoka kwa mtu aliyeongezea spiriti ya viwandani ili apate faida. Kwa hiyo hakuna mbao, hakuna kitambaa cha kuchujia, hakuna limao litakalokuokoa kama chanzo hukijui. Mtu aliyekunywa akaanza kuona ukungu au kutapika sana apelekwe hospitali mara moja, asingojee kulala kwanza.

Sheria inasemaje?

Inategemea umesimama wapi. Tanzania kupika gongo ni kosa. Kenya ilihalalisha chang'aa mwaka 2010, lakini kwa leseni, vifungashio na viwango, siyo ile ya mtungi nyuma ya nyumba. Rwanda kanyanga, gongo ya kwao, imepigwa marufuku. Walioko ughaibuni: Marekani serikali kuu hairuhusu kupika pombe kali nyumbani, Uingereza inataka leseni, na New Zealand imeruhusu kwa matumizi binafsi tangu 1996.

Kuloweka mbao kwenye chupa uliyonunua dukani kwa matumizi ya nyumbani ni suala jepesi zaidi katika nchi ambazo pombe yenyewe ni halali. Ukianza kuuza, umeshaingia kwenye leseni, ushuru na viwango vya ubora.

Nianze na pombe ipi?

Vodka ya kawaida, ramu nyeupe, au spiriti ya miwa. Konyagi na jini tayari zina viungo vyake, na mbao inagombana navyo. Viwanda huweka pombe pipani ikiwa na nguvu zaidi; bourbon kwa mfano hairuhusiwi kuingia pipani ikizidi asilimia 62.5. Nyumbani asilimia 40 inatosha, ingawa kati ya 50 na 60 inatoa ladha nzito zaidi, kisha unazimua kwa maji safi mwishoni. Pombe yenye maji mengi inavuta sukari za mbao, yenye alkoholi nyingi inavuta zaidi vitu vya lignini na uchungu.

Naitayarishaje mbao?

Ondoa gamba lote na ule utando wa chini yake. Chukua kiini, siyo mbao nyeupe ya nje. Iache ikauke kivulini penye hewa. Watengeneza mapipa huacha mbao zao nje kwenye mvua na jua mwaka mmoja na nusu hadi mitatu, ili mvua ioshe tanini kali. Vipande vidogo vinahitaji muda mfupi zaidi, lakini usishuke chini ya miezi sita.

Kata vijiti vya sentimita 1 kwa 1, urefu sentimita 10. Kijiti kama hicho cha mforsadi mkavu kina gramu 6 au 7 hivi. Vichemshe dakika kumi na tano, mwaga maji, tazama rangi yake. Maji yakiwa meusi kama kahawa na yenye kubana ulimi, chemsha tena. Kausha.

Sasa viviringishe kwenye foili na uviweke kwenye oveni. Nyuzi 160 kwa saa mbili unapata utamu wa mbao yenyewe. Karibu na 200 vanila na karameli zinajitokeza. Ukipita hapo sana unaelekea kwenye lozi zilizoungua na moshi. Pua yako itakuambia: jikoni kukianza kunukia kama mkate unaotoka, uko pazuri, kukinukia moto wa kuni, umepitiliza. Asiye na oveni anaweza kutumia sufuria nzito yenye mchanga juu ya jiko la mkaa, mfuniko juu, ila moto uwe mdogo na vijiti vibaki ndani ya foili.

Kuchoma uso mpaka uwe mkaa ni hiari. Na jambo moja la usalama: acha vipoe kabisa kabla ya kuvitia kwenye pombe. Kijiti chenye kaa moja la moto ndani ya chupa ya asilimia 60 ni bomu.

Kiasi gani, muda gani?

Gramu 3 hadi 5 kwa lita kwa mbao za matunda na mforsadi. Kama umeletewa amburana, gramu 1 inatosha, na ufuatilie kila siku, kwa sababu wiki moja inaweza kuwa nyingi. Amburana ina kumarini, ile ile iliyoko kwenye mdalasini wa kasia. Ulaya wameweka kikomo cha miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku, kwa sababu ikizidi inasumbua ini. Mkono mwepesi, basi.

Onja tone kila wiki, ukiwa umelizimua kwa maji kidogo. Mforsadi huwa tayari kati ya wiki tatu na miezi miwili. Tufaha na plamu vinakwenda miezi miwili au mitatu. Ukishatoa mbao, iache pombe ipumzike mwezi mwingine. Makali ya mbao mpya yanatulia yenyewe.

Naweza kutumia maranda ya karakana ya seremala?

Karakana ile ile inaranda mninga asubuhi na mbao zenye dawa mchana. Hapana. Na hata yangekuwa safi, maranda na unga vinatoa kila kitu kwa siku mbili, uchungu ukiwa mbele.

Chombo?

Kioo. Pombe ya nguvu inayeyusha vitu kutoka kwenye plastiki, na dumu la mafuta ya kupikia halitaacha kunuka mafuta hata uoshe vipi. Usijaze hadi mdomoni. Acha nafasi ya hewa, fungua mara moja kwa wiki, funga. Weka mahali penye giza, mbali na jiko.

Yangu imekuwa nyeusi kama wino. Nini?

Chuma. Tanini ikikutana na chuma inatengeneza wino halisi. Wino wa kuandikia ulitengenezwa hivyo kwa karne nyingi. Angalia kama kijiti kilikuwa na msumari, kama ulikichemsha kwenye sufuria ya chuma yenye kutu, au kama mfuniko wa chupa umeanza kula kutu. Haitengenezeki. Mwaga.

Ukungu mweupe baada ya kuzimua au kuweka kwenye friji ni kitu kingine, ni mafuta madogo madogo yanayojitenga. Hayana shida. Chuja kwa karatasi ya kahawa ikiwa ya baridi.

Imezidi mbao, inabana ulimi.

Usiongeze maji wala sukari. Ongeza pombe nyeupe ile ile, kidogo kidogo, mpaka ikae sawa. Ndiyo maana mwenye busara hatii mbao kwenye pombe yote: anaacha robo lita bila mbao kwa ajili hiyo.

Dar ni joto. Inasaidia?

Joto linaharakisha mbao kutoa vitu, na linaharakisha pia kupotea kwa pombe kwenye pipa. Scotland wanapoteza kama asilimia 2 kwa mwaka. Kiwanda cha wiski cha Amrut kule Bangalore, India, kinapoteza mara tano ya hapo au zaidi. Kwenye kioo kilichofungwa hupotezi kitu, lakini unapata uchungu mapema, kwa hiyo onja mara nyingi kuliko mtu wa Mbeya au Nairobi. Kuiweka juani au kuipasha jikoni "ili iwahi" sikubaliani nako. Mvuke wa alkoholi unawaka, na ladha inayopatikana ni ya mbao iliyochemshwa.

Ninunue kipipa cha lita 2?

Kinapendeza mezani. Lakini kipipa kidogo kina mbao nyingi sana kwa kila lita ukilinganisha na lile la kawaida la lita 200, hivyo pombe inashiba mbao kabla haijapata muda wa kulainika. Pesa hiyo ningenunua chupa tatu nzuri za kioo na kujaribu mbao tatu.

Vijiti vinatumika tena?

Mara moja zaidi, kwa muda mrefu zaidi, ladha ikiwa nusu. Wengine wanaipenda hiyo ya pili kwa sababu ni tulivu. Baada ya hapo vikaushe kabisa nje siku kadhaa, mpaka harufu ya pombe iishe, ndipo uvitupie kwenye mkaa siku ya kuchoma samaki. Vya plamu ndivyo bora kwa kazi hiyo.